Hadi Ubao Utulie

Ulaanbaatar, 2 Machi 2009

Mjomba Gombosuren,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na mkazamjomba Dulmaa. Mmeuvuka salama huu msimu wa baridi? Mbuzi wamebaki wangapi? Mama anawasalimu sana. Mgongo wake unamsumbua tangu wamhamishie ghala la chini pale kiwanda cha sufu, lakini amenikataza nisikuandikie habari hiyo, kwa hiyo hujaisoma. Mwaka mpya, Mwezi Mweupe wetu, umepita na hatukuja kuwaamkia. Mama anasema nyumba yenye msiba haitembelewi kwa sikukuu mwaka huo, nawe ungetushangaa kama tungekuja.

Hapa nyumbani wananitania kwamba Mungu amenipangia maneno kumi kwa siku na sita nayatumia kusema "sawa". Kwenye karatasi ninayo zaidi. Ila shuleni tunasoma kwa Kirusi, na nikirudi kuandika Kimongolia naona kama sentensi zangu zimeazima koti la mtu. Nisamehe ukikuta kosa.

Nakuandikia kuhusu ile programu. Unakumbuka kaka, mwanao, alikuwa ananisaidia kuifundisha kompyuta sataranji yetu, ile ya kwetu yenye ngamia, magari, chui na watoto wa mstari wa mbele, siyo ya Wazungu. Yeye alikuwa anaujua mchezo, mimi najua kuiandikia kompyuta. Sasa nimebaki na nusu yangu. Daftari lake la sheria ninalo, lakini sura ya kula kete hakuimaliza.

Tatizo ni hili. Kompyuta inatazama mbele hatua nne, kisha inasimama na kuhesabu kete za kila upande. Juzi ilimpeleka chui wake akamle mtoto aliyekuwa analindwa na ngamia. Hatua ya nne ilikuwa hiyo ya kula, basi ikahesabu: nimepata mtoto mmoja, nimeshinda. Haikuona kwamba katika hatua ya tano ngamia anamla chui. Nikaiambia itazame hatua sita. Ikafanya ujinga uleule kwenye hatua ya sita, na ikachukua dakika ishirini kuufanya.

Wewe ndiye uliyemfundisha kaka. Ungefanyaje?

Kuna jambo jingine pia, lakini si la barua hii.

Mpwa wako,
Uyanga


Zavkhan, 29 Machi 2009

Uyanga mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa Tsend dereva. Aliificha ndani ya buti alilovaa kwa sababu mfukoni, anasema, mna mafuta ya gari. Nimeisoma kwa pua iliyofungwa.

Mbuzi thelathini na mmoja wamekufa. Waliobaki wanazaa, na wengine wanakataa watoto wao, kwa hiyo Dulmaa anawaimbia kutwa nzima mpaka wakubali kunyonyesha. Sauti yake imekauka. Mwambie mama yako afunge mgongo kwa sufu ya ngamia, na umwambie sijasoma popote kwamba unamuuma.

Usinipigie simu. Unajua mtandao uko kilimani tu, na mimi kilimani sipandi tena. Tuandikiane hivihivi kwa mkono wa Tsend.

Sasa hiyo mashine yako. Nimecheka, na sikuwa nimecheka tangu majira ya majani kupukutika. Ni kama mtoto anayefundishwa mara ya kwanza: anakula kete halafu anainua uso atazame nani anamwona, na mkono wa mwenzake haujatua bado. Kosa lake si kutazama karibu. Hata mimi sitazami mbali. Kosa lake ni kuhesabu katikati ya vita. Wakishaanza kulana, waache walane. Wewe unakula, mimi nalipiza, wewe tena, mpaka hakuna wa kumla mwingine. Ubao ukitulia, hapo ndipo uhesabu waliosimama. Na katika kipande hicho usitazame mambo mengine, nani kasogea wapi, nani kajipanga vipi. Tazama kula tu. Ni njia fupi, haitakuchukulia dakika ishirini.

Na uanze na mdogo anayemla mkubwa. Kama mtoto anaweza kumla chui, hilo litazame kwanza. Mara nyingi hutahitaji kutazama la pili.

Nikuulize na mimi. Mkazamjomba wako tangu Novemba ana swali moja: kijana alipanda kilimani kufanya nini siku ile dhoruba ilipomchukua, na mawingu yale? Farasi alirudi peke yake. Simu ilikutwa imejaa maji, haikuwaka tena. Asubuhi alitoka anapiga mluzi, basi Dulmaa ameamua kwamba alikwenda kumpigia msichana, na msichana mwenyewe ameshamtaja: Enkhtuul, binti wa mpishi wa shule. Mimi sijui. Nyie wawili mlikuwa mkiongea sana. Alikutajia msichana yeyote?

Mjomba wako,
Gombosuren


Ulaanbaatar, 19 Aprili 2009

Mjomba,

Natumaini upepo umepungua huko na mbuzi wamekubali watoto wao. Huku vumbi linaingia mpaka kwenye mkate. Mama amefunga mgongo kwa sufu uliyosema na anatembea kama mtu aliyemeza mlingoti, lakini ameacha kulalamika. Ametuma kilo mbili za sukari na jozi ya buti kwa mkono wa Tsend, naomba mzihesabu kabla hajaondoka.

Nimeandika kipande cha kula kama ulivyosema. Kwa siku mbili nilifurahi. Chui hajipeleki tena kinywani mwa ngamia. Halafu nikaona programu imekuwa mwoga. Inazikimbiza kete zake nyuma, inazibana kwenye kona. Mama alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe.

"Mbona inakimbia?"

"Haikimbii, mama. Inafikiri."

"Kwetu Zavkhan mtu akifikiri hivyo tunasema anakimbia."

Nimetafuta kosa wiki nzima na nadhani nimelipata, lakini dawa yake siijui. Nimeiambia: ukifika mwisho wa kutazama, fuata kula tu. Nayo imeelewa kwamba lazima ile. Chui akiwa amesimama salama kabisa, na mbele yake kuna mtoto mmoja anayelindwa, kompyuta inaona njia moja tu: chui amle mtoto, ngamia amle chui. Basi inalia. Kila mahali penye kitu cha kula inaona msiba, kwa hiyo inakimbia mahali pasipo na chochote.

Kuhusu msichana uliyeuliza: hakunitajia.

Mpwa wako,
Uyanga


Zavkhan, 14 Mei 2009

Uyanga mwanangu,

Sukari imefika kilo mbili kasoro. Tsend anaapa ni kunywea kwa unyevu. Buti zimefika zote mbili.

Majani yametoka. Farasi jike wa kahawia amezaa dume mwenye mguu mmoja mweupe, analala juani kutwa kama mzee aliyestaafu. Mimi nachonga kidogo asubuhi. Nimeanza seti mpya, nimemaliza ngamia wanne, na nikifika kwenye farasi mkono unakataa. Nitafanya magari kwanza.

Swali lako limenishinda kwa muda, si kwa sababu ni gumu, ila kwa sababu sikuwahi kujua kuna mtu angehitaji kuambiwa. Nani kailazimisha kula? Zamu ikiwa yako na kuna kitu cha kula, kwanza unahesabu hivyo hivyo ulivyo, kabla hujagusa kete. Hiyo ndiyo sakafu yako. Kisha unatazama kila mlo uliopo. Ukikupa zaidi ya sakafu, kula. Ukikupa kidogo, acha, kaa ulivyokaa. Iandikie hivyo: kabla ya kula chochote, ijiulize, je, nikiacha?

Mwanangu aliniuliza hili akiwa na miaka saba, meno ya mbele hana.

"Baba, ni zamu yangu?"

"Yako."

"Na gari lako naweza kulila?"

"Unaweza."

"Na nisipolila?"

"Hakuna polisi atakayekuja."

Akafikiri mpaka chai ikapoa. Akaliacha. Nilikuwa nimemtegea hapo na alijua. Hata alipokuwa mkubwa, watu walikuwa wanamtania kwamba anashinda kwa kukaa. Ndiyo maana simwelewi, Uyanga. Mtu wa namna ile, na mawingu yale, angekaa tu nyumbani. Yuko aliyemfanya asikae.

Dulmaa anaamini anamjua. Jumapili alikwenda kwa mpishi, mbele ya watu waliokuja kukata manyoya, akamwambia yule binti: "Ulimwita kwenye dhoruba. Sasa nirudishie." Binti akasema, "Mama, mimi hata namba yake sina." Dulmaa akamwambia hana haya. Nilimvuta mkono tukaondoka. Tangu siku ile mpishi hatusalimii, na binti haonekani kisimani, ndugu yake mdogo ndiye anateka maji. Binti ana miaka kumi na saba, karibu umri wako.

Kama kuna lolote unalokumbuka, hata dogo, niandikie.

Gombosuren


Ulaanbaatar, 30 Juni 2009

Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ningeweza kusema ni mitihani, na mitihani ilikuwepo kweli.

Mama hajambo. Anataka kuja kwenu wakati wa kukamua farasi, akipata ruhusa. Amenunua viatu vya safari, na kila jioni anavivaa ndani ya nyumba ili vilainike.

Nilifanya ulivyosema. Mistari mitatu tu: hesabu ulivyo, linganisha, ukikuta kukaa ni bora, kaa. Programu ikawa kitu kingine. Ikaacha kukimbia. Nilikaa mbele ya ubao nikaogopa kidogo, maana ilikuwa inacheza kama yeye.

Kisha tukawa na maonyesho ya shule. Mwalimu alinisukuma mpaka mbele. Iliwashinda wavulana wawili wa darasa la juu, mmoja akasema kiti kilikuwa kibovu. Halafu mlinzi wa geti, Mzee Choijil, akavua kofia akaketi. Ilimzidi tangu mwanzo. Ilimla gari, ngamia, chui, wote. Akabaki na mfalme na mtoto mmoja. Watu wakasogea. Programu ikamla yule mtoto.

Mzee akarudisha kofia kichwani. "Sare," akasema.

"Sare vipi? Umebaki na mfalme tu," akasema mvulana wa kiti kibovu.

"Ndiyo. Mfalme akivuliwa watu wote, mchezo umekwisha, hakuna mshindi. Nyie kwenu mnacheza nini?" Akanigeukia mimi. "Binti, mashine yako inakula vizuri. Haikufundishwa kuacha wa mwisho."

Walicheka wote. Mimi niliijua sheria hiyo tangu nina miaka sita, ulinifundisha wewe. Lakini katika kipande cha kula niliandika kwamba kila kete inayoliwa ni faida, na sikuandika kwamba wa mwisho si faida. Nimesharekebisha.

Mjomba, nimeandika ukurasa mzima ili nisifike hapa.

Enkhtuul hakumwita. Aliyemwita ni mimi.

Novemba nilikuwa nahitaji mafumbo ishirini ya kujaribia kipande cha kula: mipangilio ya ubao ambapo kulana ni kugumu, na jibu lake. Kaka alikuwa anayapanga nyumbani, kisha anapanda kilimani kunitumia kwa ujumbe wa simu, fumbo moja ujumbe mmoja. Alikuwa ametuma manane. Siku moja kabla ya dhoruba, alinipigia kutoka huko juu. Nikamwambia mwalimu anafunga orodha ya maonyesho kesho.

Akasema, "Upepo unageuka, Uyanga. Nitatuma keshokutwa."

Mimi ambaye dukani nashindwa kusema nataka mkate upi, nilimwambia, "Basi, acha. Nilijua hutamaliza."

Akacheka. "Haya, bibi mkubwa. Kesho utayapata."

Yalianza kuingia saa nane mchana. La tisa, la kumi, la kumi na moja. La kumi na mbili lilikatika. Mfalme yuko wapi, gari liko wapi, kisha hakuna kitu. Nikamwandikia: "Halijafika lote." Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Sijui kama lilimfikia. Kama lilimfikia, basi alibaki pale akijaribu tena.

Orodha yenyewe mwalimu aliiahirisha mpaka majira ya machipuko. Kwenye maziko nilisimama nyuma ya mama. Mkazamjomba alinishika uso akasema nimekonda. Nilikuwa na simu mfukoni na ujumbe wote ulikuwemo, na umo mpaka leo.

Sikuandika Machi ili kuuliza habari za kula kete. Nilianza hivyo kwa sababu ndiyo njia niliyoiweza.

Uyanga


Ulaanbaatar, 3 Septemba 2009

Mjomba Gombosuren,

Nakuamkia, wewe na mkazamjomba. Natumaini malisho ya juu yalikuwa mazuri. Mama hakupata ruhusa ya kuja. Anauliza kwa nini hamwandiki, nami namwambia mna kazi nyingi.

Tsend anasema barua yangu ya Juni alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama.

Sihitaji jibu zuri. Programu sijaigusa.

Uyanga


Zavkhan, 22 Oktoba 2009

Uyanga,

Barua zako zote mbili ninazo. Tumeshuka kutoka malisho ya juu tarehe kumi. Mifugo imenona kiasi. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Dulmaa mwili wake hauna ugonjwa. Mwambie mama yako sikumkasirikia yeye.

Nilianza kukujibu mara nne, na mara nne nikaitia karatasi motoni. Mwezi wa saba wote nilikuchukia. Nakuambia mwenyewe kwa sababu hata ningenyamaza ungejua, na nisingependa ujue kwa kukisia. Nilikuwa nachinja kondoo nakuwaza. Nilikuwa nakunywa chai nakuwaza. Unajua ni nini kilichonichoma zaidi? Si kwamba ulimwambia apande. Vijana wanaambiana mambo. Ni zile barua zako. Nilikuwa nazisubiri. Nilikuwa namuuliza Tsend kabla hajazima gari. Nilidhani tunamzungumzia mwanangu, wewe na mimi, na kumbe wewe ulikuwa na chumba kingine ndani umekifunga.

Mwezi wa nane nilipanda kilimani. Nilichukua simu ya jirani. Mtandao upo pale penye rundo la mawe tu. Ukienda hatua tano upande wowote, haupo. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilitaka kujua kama neno lako lilimfikia. Kutoka pale mtu anaiona njia yote mpaka kwetu, hema letu linaonekana dogo kama kifungo cha shati. Aliona mawingu yakija, hilo sina shaka, kwa sababu yanakuja kutoka upande ule ule unaotazama ukiwa umeshika simu. Kuhusu neno lako, hakuna njia ya kujua. Nikashuka.

Lile fumbo la kumi na mbili usinitumie. Wala usijaribu kulimalizia wewe.

Hujaomba msamaha katika barua yako, nami nimeona. Ulifanya vizuri. Nisingekuwa na cha kukupa wakati ule, na sasa sijui ninacho kiasi gani. Chuki imepungua. Imeniachia uchovu.

Dulmaa sijamwambia. Nilifikiri nimwambie mimi, ili wewe usije kumtazama usoni. Kuna siku nilifikiri tufiche, mimi na wewe, nife nalo nawe ufe nalo, naye abaki na msichana wake wa kumlaumu, maana kumlaumu mtu kunamsimamisha asubuhi. Nikaona ningeweza. Kisha juzi nimesikia Enkhtuul ameacha shule. Wanampeleka kwa shangazi yake Darkhan mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu hapa wanawake wakimwona wanahamisha ndoo zao. Amekaa karibu mwaka na kitu ambacho si chake.

Kwa hiyo sikiliza. Basi la Tsend linatoka huko Ijumaa asubuhi. Nimeshampa habari akuwekee kiti cha mbele, usije kutapika njiani. Mama yako mwambie kabla hujapanda, asije akasikia kwa watu.

Ukifika, usije kwetu kwanza. Pita kwa mpishi. Mwambie binti mbele ya mama yake, kwa sauti, wewe mwenyewe. Najua maneno yako ni kumi kwa siku. Hayo yanatosha ukiyapanga.

Kisha njoo kwetu. Usilete zawadi. Kaa chini upande wa mlango. Mwambie Dulmaa kila kitu ulichoniandikia, na lile neno la mwisho pia, usiliruke. Mwonyeshe simu akitaka kuiona. Huenda asikumiminie chai. Huenda akakutoa nje, na nje ni baridi. Kwa mkono wa Tsend nimekuwekea koti la manyoya kwa mpishi, ulivae utakapotoka huko.

Mimi nitakuwa zizini. Nitakuona ukipita, wala sitakusalimu, usidhani ni hasira. Sitaingia ndani mpaka aniite yeye.

Mjomba wako,
Gombosuren